Mtani Hanuniwi

Cherehani ya Bibiana ilitolewa nyumbani kwake mchana kweupe, watu wanacheka. Na yeye mwenyewe alicheka. Hilo ndilo lililomkereketa kuliko yote.

Ilikuwa msibani, Misunkumilo, Januari ya mwaka tisini na sita. Mama mkwe wake alikuwa amezikwa jana yake, na waombolezaji wamejaa mpaka uani. Mume wake, Kassiani, ni Mngoni. Baba yake alitoka Songea enzi za mgodi wa risasi, akaja Mpanda kuchimba, na mifupa yake imebaki huku huku. Na Mngoni na Msukuma ni watani, hilo hata mtoto wa chekechea anajua. Basi asubuhi ile akaingia Luhende, Msukuma mwenye duka karibu na soko, amejifunga kanga ya marehemu aliyoichomoa kwenye kamba, ameshika fimbo ya marehemu, anachechemea vile vile alivyochechemea marehemu, anadai ugoro.

"Nyie watumwa wetu, mmenizika sijashiba. Nani kala paja langu la kuku?"

Watu waliokuwa wanalia wakashika mbavu. Ndiyo kazi ya mtani, kuwakausha watu machozi. Na akikwapua sufuria au jembe, hakuna wa kumzuia. Matanga yakiisha unakwenda kulikomboa kwa kuku au vijisenti, mnacheka tena, yamekwisha.

Luhende akazunguka nyumba, akaiona cherehani imefunikwa kitenge. "Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga," akatangaza. "Sasa Kassiani, matanga si ndiyo haya?" Kicheko kikapasuka. Wapagazi wake wawili wakaibeba cherehani na miguu yake ya chuma hadi barabarani, wakaipakia kwenye mkokoteni. Kassiani alicheka, macho yamemvimba. Bibiana akacheka. Hakuna aliyejiuliza mtani gani huyu anakuja kulia msiba na mkokoteni.

Habari ya deni lenyewe ilikuwa hivi. Luhende alikuwa na kadi, vipande vya karatasi ngumu ya kijani, jina juu na mistari chini. Hakumpa kila mtu, aliwapa wenye mshahara tu. Unachukua sukari, mafuta ya taa, sabuni, betri za redio, anaandika, mwisho wa mwezi unalipa. Kassiani alikuwa mtunza stoo wa shirika, na kadi ile aliitia mfuko wa shati ikichungulia nje kidogo, ili mtu aione. Desemba ya tisini na nne shirika likapunguza watu. Kiinua mgongo wakaambiwa kinashughulikiwa. Siku ile kadi ilikuwa inasoma elfu arobaini na moja.

Toka hapo hawakuchukua dukani kwa Luhende hata kiberiti. Uji waliunywa mkavu, chai wakaisahau, wakalima mahindi hadi ukingoni mwa njia. Bibiana alishona mchana kutwa, na kila akipata pesa ya ufundi alipeleka. Kwa mwaka na mwezi alikuwa amelipa elfu ishirini na nne. Na kadi? Elfu arobaini na tatu. Kila mwezi Luhende aliandika elfu mbili, pembeni yake neno moja: kuchelewa. Alipokwenda kumuuliza, akajibiwa, "Shemeji, kalamu nayo inakula."

Matanga yalipoanuliwa, Bibiana akamkamata jogoo wake, akampa Kassiani pamoja na shilingi mia tano. "Kakomboe. Nina sare kumi na tisa hapa, shule zinafunguliwa Jumatatu."

Kassiani akaenda. Akarudi jioni mikono mitupu.

"Iko wapi?"

"Anasema deni kwanza."

"Na jogoo?"

"Kapokea."

"Na mia tano?"

"Kapokea. Lakini tumezungumza vizuri, mama Tereza. Kanipa na soda."

Bibiana akamtazama mtu huyu aliyemzalia watoto wanne. "Soda ya rangi gani?"

"Ya machungwa."

"Nilitaka nijue jogoo wangu amegeuka rangi gani."

Kassiani akakaa kwenye kinu. "Sasa nifanye nini? Mtani hanuniwi. Nikikasirika mimi, watu watasema nini? Nimefiwa juzi tu, nianze kugombana na mtani?"

"Wewe usigombane."

"Mama Tereza."

"Nimesema usigombane. Kaa hapo hapo."

Siku ya pili, Alhamisi, mama wa watoto wawili akaja kuchukua vitambaa vyake. Alisema kwa aibu kwamba atapeleka kwingine, maana hapa mashine hamna. Bibiana akamkabidhi vitambaa, akafunga kanga kiunoni, akashika njia ya sokoni. Mvua ilikuwa imenyesha, tope linavuta ndara, akazivua akazishika mkononi. Njia nzima hakuna aliyemsalimia akaitikiwa.

Aliisikia kabla hajaiona. Mashine yako unaijua mlio wake. Ilikuwa kwenye baraza la duka la Luhende, na aliyekuwa anaikanyaga ni Kalisti, fundi wa sokoni, na chini ya sindano kuna shati jeupe la shule. Pembeni yake rundo la vitambaa vyeupe na vya bluu. Juu ya ukuta wamebandika boksi limeandikwa kwa mkaa: SARE HAPA, HARAKA.

Kalisti akainua mguu kwenye pedeli. "Dada Bibiana, mimi nimeajiriwa tu."

"Sijaja kwako."

Ndani kulikuwa na wateja sita saba. Mke wa Luhende, Minza, alikuwa anapima sukari. Luhende alipomwona akafungua mikono. "Karibu shemeji, mke wa mtumwa wangu! Mwenyewe kaogopa, kakutuma wewe?"

Wateja wakaanza kucheka.

"Usinitanie," Bibiana akasema. "Mngoni ni mume wangu. Mimi Mbende wa Karema. Mimi na wewe hatuna utani, na hatujawahi kuwa nao."

Kicheko kikakatika kama uzi. Luhende akatafuta uso wa kumsaidia, hakuupata.

"Nakuuliza kitu kimoja. Cherehani yangu uliichukua kwa utani au kwa deni?"

"Ah, shemeji. Utani na deni vinakaa nyumba moja."

"Kwangu havikai. Kama ni utani, ukombozi umepokea jana, jogoo na mia tano, nipe mashine yangu. Kama ni deni, basi uliingia nyumba yenye msiba, marehemu hana siku mbili ardhini, ukabeba mali bila karatasi ya mahakama. Tena mali yenyewe siyo ya mwenye kadi. Kadi imeandikwa Kassiani. Ile mashine aliinunua mama yangu kwa dagaa, Kassiani bado simjui hata kwa sura. Chagua moja, ili nijue naelekea nyumbani au mahakama ya mwanzo."

Minza akaiacha sukari kwenye mizani. "Baba Masele," akasema taratibu, "yule jogoo uliniambia ni zawadi."

"Wewe pima sukari."

"Nimemla mimi na wanangu. Jogoo wa ukombozi, na kitu cha watu hujarudisha?"

Mzee mmoja Msukuma aliyekuja kununua tumbaku akairudisha sarafu yake mfukoni. Alitoka tu, akaenda duka la pili. Luhende alimsindikiza kwa macho, na hapo ndipo jasho lilipomtoka.

Ndipo Kassiani akatokea mlangoni, buti zimejaa tope, anahema. Alikuwa na lile tabasamu lake, tayari kwenye midomo. Luhende akalidaka haraka. "Mtani, afadhali umekuja. Mchukue mkeo, anatuharibia utani wetu."

Bibiana alimtazama mumewe. Alikuwa amekwisha kujiambia njiani: huyu akija akacheka leo, mimi kesho niko kwenye lori la Karema.

Midomo ya Kassiani ikacheza, ikataka kufunguka. Ikajifunga.

"Mama yangu ulimwigiza vizuri," akasema. Sauti ilikuwa ya chini, wateja wakasogea wasikie. "Nilikuwa sijala siku mbili. Ulipochechemea vile nilicheka, nikapata nguvu ya kumeza ugali. Nilikushukuru moyoni, Luhende. Kumbe nje kuna mkokoteni."

"Mtani, biashara ni..."

"Usiniite hivyo. Deni nitalipa. Nilichukua bidhaa za elfu arobaini na moja, tumelipa ishirini na nne. Nadaiwa kumi na saba. Kalamu yako kama inakula, ilishe mwenyewe. Na siku mkifiwa nyie, msitume mtu kwangu. Mtalia wenyewe mpaka mchoke."

Kwa watu wa huku, neno lile ni zito kuliko tusi; mtu kususiwa msiba wake ni sawa na kuambiwa hana watu. Minza akaketi juu ya gunia, akajifunika mdomo kwa kanga.

Luhende akatazama kaunta. "Beba," akasema. "Beba mwende."

Kalisti akainuka kwenye kiti bila kuambiwa.

Mkokoteni hawakuuomba, na hawakupewa. Walibeba wenyewe, mume upande huu, mke upande ule, chuma kinawakata viganja, wanatua kila baada ya hatua thelathini. Kassiani alijaribu kuzungumza mara mbili. Mara ya kwanza alisema ingekuwa heri wangeikodia baiskeli. Mara ya pili alisema, "Ningesema jana ile ile."

"Ungesema," Bibiana akajibu. "Shika vizuri, inainama."

Hasira yake ilikuwa haijatua. Ilikuwa imetua kwa Luhende nusu. Nusu ya kwa Kassiani bado alikuwa ameibeba, nzito kuliko ile mashine.

Nyumbani akaifuta tope kwa gauni kuukuu. Chini ya sindano lilikuwa limebaki lile shati jeupe la Kalisti, mkono mmoja umeshonwa, mwingine umeshikizwa kwa pini. Akakaa, akakanyaga pedeli, akashona mkono wa pili, akaweka pindo na vifungo vitano, akakata nyuzi kwa meno. Akalikunja vizuri kama la mteja yeyote.

"Rudisha dukani kwake," akamwambia Kassiani. "Ufundi mia nne. Mwambie aandike kwenye kadi, deni libaki elfu kumi na sita na mia sita. Na usimame pale mpaka uione kalamu inaandika."

"Akinipa soda?"

Bibiana alikwisha kuvuta kitambaa cha kwanza kati ya vile vilivyobaki, macho kwenye mkasi. "Mwambie una mke Mbende," akasema.