Mpaka Tairi Lipoe

"Usiiguse hiyo valvu," mzee alisema.

Dereva, binti yake, aliinua kichwa. Alikuwa amechuchumaa kando ya gurudumu la mbele la lori, geji ya kupimia upepo mkononi. "Baba, si unaona mshale ulipofika? Nisipopunguza upepo, litanipasukia njiani."

"Hewa imepata moto. Inataka kutanuka na humo ndani haina nafasi, ndiyo maana inasukuma hivyo. Ukiipunguza sasa, tairi likipoa litalegea, na mzigo wote huo wa saruji utalikandamiza likizunguka mpaka liungue kabisa. Liache lipoe." Akasita. "Kaa."

Tangu wamzike mama yake, binti huyu alikuwa akipita mbele ya kibanda cha baba yake cha kuziba matairi bila kusimama. Mzee hakumlaumu. Msibani, mbele ya watu, ni yeye mzee aliyemwambia binti kwamba kuendesha malori ndiko kulikomnyima kumuona mama yake akiwa hai.

"Daraja linafungwa jioni, Baba."

"Utawahi."

Binti alilitazama jua, akalitazama tairi, akaketi kwenye benchi. Mzee akammiminia chai.

"Unalala vizuri huko njiani?"

"Nikipata pa kulala. Na wewe, nani anakupikia?"

"Mwenyewe. Sufuria zote nimeziunguza, mpaka panya wamehama."

Binti akacheka, kile kicheko cha mama yake, cha puani. Mzee aliinamisha uso. Alitafuta maneno ya kusema, na alipoyapata, binti alikuwa ameshapitiwa na usingizi, kichwa ukutani, mdomo wazi kidogo.

Kivuli kilisogea hadi kwenye gurudumu. Mzee akanyata, akaweka kiganja juu ya mpira. Vuguvugu tu. Akapima. Mshale ulikuwa umerudi mahali pake, na hakuna upepo uliotolewa. Akapima tena, akitamani awe amekosea.

Angeweza kunyamaza. Daraja lingefungwa, naye angetandika mkeka, na asubuhi nyumba ingekuwa na mtu wa kukohoa upande wa pili wa ukuta.

Alimgusa bega. "Mama," alimwita, kama alivyozoea kumwita utotoni, "limepoa."

Binti alishtuka, akasimama, akajifuta uso. Mzee alimfuata hadi mlangoni mwa lori.

"Yale niliyoyasema msibani…"

"Nitachelewa, Baba." Hakusema kwa ukali. Alishika usukani, akamtazama kidogo, kisha akawasha injini.

Lori liliondoka, likipandisha mlima taratibu. Pale kwenye kona taa nyekundu za breki ziliwaka, na hazikuzimika. Labda alikuwa anapisha gari. Mzee alisimama katikati ya barabara, mkono juu ya macho, akizitazama.