Kwaya Upande wa Zambia

Jarida la vipindi vya runinga alilokuwa akilipanga Watson pale Tunduma lilikuwa na utaratibu wake: ukurasa wa kushoto saa za Tanzania, wa kulia saa za Zambia, ambazo ziko nyuma kwa saa moja. Wiki hiyo mpira ulijaa kushoto, kwa hiyo akakihamishia kulia kipindi cha kwaya ya Ileje, cha saa kumi jioni, pamoja na picha yake kubwa. Saa hakuigusa.

Jumatatu Mama Gwantwa, mwimbaji wa kwaya hiyo, akaingia katika duka la magazeti ambamo Watson alilipangia na kuliuza jarida hilo.

"Mwanangu, hao watu wa runinga wametuonea! Nimekuta kwaya iko upande wa Zambia, nikaongeza saa moja, nikaalika mtaa mzima saa kumi na moja. Tunawasha, tangazo la sabuni!"

Watson, ambaye hakuna mteja anayepita bila kutaniwa naye, alihisi masikio yanawaka.

"Mama, si wao. Ni mimi."

"Toka hapa na utani wako!" Mama akacheka mpaka akashika kaunta.

Watson akafungua jarida, akaweka kidole kwenye ile saa kumi. "Hii ni saa ya kwetu. Nilihamisha picha, nikasahau kubadilisha saa."

Mama Gwantwa akatazama kushoto, akatazama kulia. Kicheko kikamwisha.

"Siku ya kurekodi nilisimama mstari wa mbele," akasema taratibu. "Hata mkwe wangu alitoka Msangano kuja kuniona."

Watson akabaki ameinamia kurasa, asiweze kumtazama usoni.