Pikipiki ya Gia ya Mkono

Goti langu la kushoto halikunjiki. Gogo la mninga liliniangukia mwaka mmoja baada ya Uhuru, mfupa ukaunga vibaya, na tangu hapo mguu huo umenyooka kama mpini wa jembe. Kutembea natembea, ila polepole. Baiskeli siwezi, maana pedali zinataka magoti mawili.

Kwa miaka mingi jambo hilo halikunisumbua. Karakana ya useremala ya kijiji chetu cha Kwihara iko hatua chache kutoka nyumbani, na kanisa liko hatua chache kutoka karakana. Lakini nilipofikisha miaka arobaini na tisa nilianza masomo ya jioni Tabora mjini. Kisomo cha kijijini nilikuwa nimekimaliza. Barua nilijua kuandika, hata somo la Jumapili nilikuwa nasoma mbele ya watu. Sasa nilitaka kufanya mtihani wa darasa la saba.

Darasa lilianza saa kumi na moja. Karakana tulifunga saa kumi. Kutoka kwetu mpaka mjini ni maili kama sita, na kwa mguu wangu nilifika wenzangu wakifunga madaftari. Mwezi wa Julai, mwaka wa sabini na nne, Mwalimu Zamda aliniita pembeni. Ni binti ambaye ningeweza kumzaa.

"Shikamoo, mzee Alois."

"Marahaba, mwalimu."

"Majina ya mtihani yanaondoka mwisho wa Agosti. Siwezi kuandika jina la mtu ambaye hayupo darasani. Tafuta njia, mzee wangu. Naumia kukuacha."

Njia nilikuwa naitafuta tayari, tena kwa miezi saba. Mtaa wa Kanyenye, huko huko Tabora mjini, alikuwapo mzee Mfaume, Mzaramo, fundi mstaafu wa reli, aliyekuwa na pikipiki ya Kiingereza ya mwaka 1936. Ilikuwa nyeusi, tangi lake lina mstari wa dhahabu, na jina la kiwanda lilikwishafutika kwa kupigwa kitambaa. Vijana waliicheka. Pikipiki mpya zote gia yake inakanyagwa kwa mguu wa kushoto. Ile ya mzee Mfaume gia yake ilikuwa fimbo ya chuma ubavuni mwa tangi, upande wa kulia, na inavutwa kwa mkono. Siku nilipoiona mara ya kwanza nilisimama barabarani nikamshukuru Mungu kwa sauti, mpaka mwenye duka akatoka kunitazama. Mashine ambayo kila mtu aliiona imepitwa na wakati ilikuwa imetengenezwa kwa mguu wangu.

Tulikubaliana nimlipe kwa kazi: mlango wa mninga wa mbao mbili, wenye nakshi pande zote. Kila nilipotoka karakana siku zisizo na darasa nilichonga. Siku za Jumapili, baada ya misa, mzee Mfaume alinifundisha kuendesha kwenye uwanja mtupu nyuma ya mtaa. Alinifungia kikanyagio mbele kabisa, mahali ambapo mguu wangu mnyoofu ungeweza kukaa. Mwezi wa Juni nilipata leseni. Mwezi wa Agosti mlango ukakamilika, nikaja nao kwa mkokoteni, nikaupachika mwenyewe.

Mzee Mfaume aliufungua na kuufunga mara nyingi. Alipapasa nakshi kwa kiganja. Barazani walikaa watu sita au saba, na jirani yake Selemani, fundi cherehani, mnene, mwenye futi ya kupimia shingoni.

"Mlango huu hata pwani haupo," alisema mzee Mfaume. "Basi umelipa bei ya chuma, mpagazi. Bado bei ya utani."

Wazaramo na sisi Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na mtani akisema neno huwezi kukasirika. Ukikasirika umekwishashindwa.

"Bei gani tena, mla nazi wewe?"

"Babu yako alibeba pembe ya ndovu kichwani kutoka hapa mpaka Bagamoyo. Miezi mitatu. Akifika kwetu Uzaramo, babu yangu anamwambia: tua mzigo, ndugu, upumzike. Akitua tu, hauoni tena."

"Kwa hiyo unakiri mbele ya watu kwamba ninyi ni wezi."

"Nakiri!" Watu wakacheka. "Ndiyo maana leo nakuonya mapema, usitue. Jumatatu, baada ya sala ya alasiri, utatoka hapa barazani juu ya pikipiki hii. Utafuata njia ile ile ya misafara mpaka Kwihara, utazunguka mlingoti wa bendera kwenye ofisi ya kijiji, na utarudi. Mguu wako ukigusa ardhi hata mara moja, pikipiki inabaki kwangu."

"Na mlango?"

"Mlango umekaa vizuri pale ulipo. Kwa nini tuusumbue?"

Walicheka tena, na mimi nilicheka nao, lakini macho yangu yalirudi mlangoni. Miezi minane ya kazi ilikuwa inaning'inia kwenye bawaba zile. Darasa langu pia.

"Selemani atakaa nyuma yako awe jicho langu," mzee Mfaume aliongeza. "Miguu yake haihesabiwi."

"Na uzito wake?" niliuliza.

"Uzito wangu ni wa bure," alijibu Selemani. "Zawadi kwa mpagazi."

Nyumbani nilimweleza mke wangu, Sikuzani. Alinitazama kwa shaka.

"Hiyo si kamari, baba?"

"Si kamari. Ni utani."

"Basi tusali. Lakini usimwombe Mungu amwaibishe mzee wa watu."

Tulisali rozari fungu moja, tukiwa tumepiga magoti, yaani yeye amepiga magoti na mimi nimesimama. Mwishoni niliongeza maneno machache yangu mwenyewe: Mtakatifu Yosefu, seremala mwenzangu, mikono nimeizoeza, wewe nisaidie kichwa kisipotee.

Jumatatu niliomba ruhusa karakana, na nilipofika barazani, Kanyenye yote ilikuwa imetoka. Niliweka pikipiki kwenye stendi yake, nikapanda. Mtambo ule una utaratibu wake. Unafungua petroli. Unarudisha nyuma kikono kidogo cha usukanini kinachochelewesha moto wa plagi, maana ukikisahau, kiki inakurudia na kukuvunja mguu. Unaitafuta kiki mpaka ikaze, ndipo unapiga. Nilifanya ishara ya msalaba, nikapiga mara moja. Injini ikaitika kwa sauti yake nzito, ya kupumua. Selemani alipanda nyuma, springi zikalia, watu wakashangilia. Wawili wakatusukuma kutoka kwenye stendi, nikavuta gia ya kwanza, tukaondoka.

"Polepole!" Selemani alipiga kelele masikioni mwangu. "Nina watoto saba!"

"Nami nina darasa."

Mbuzi wa mwisho wa mtaa walitawanyika. Baada ya nyumba kuisha njia iliingia kwenye mchanga, na hapo ndipo ubaya wa gia ya mkono unapoonekana. Kuibadili lazima uachie mafuta, na ukiachia mafuta mchangani gurudumu la mbele linalala. Nilikuwa nimekwishafikiri jambo hilo. Nilibadili gia mapema, kabla ya mchanga, nikaacha injini itupeleke yenyewe. Gurudumu liliyumba kushoto na kulia. Mguu wangu mnyoofu uliegemea kikanyagio kama nguzo inavyoegemea ukuta. Tukavuka.

Kwihara kazi ilikuwa imesimama. Wenzangu wa karakana walikuwa juu ya magogo. Mwenyekiti wa kijiji, ndugu Kornel, alikuja mbio akaninyooshea mkono.

"Hongera, ndugu! Au sasa ni bepari? Simama basi tusalimiane!"

"Siwezi kusimama, ndugu mwenyekiti! Na sijawa bepari!"

Nilizunguka mlingoti mkono wake ukiwa bado umenyooka, na watu wakamcheka badala yangu. Selemani alimpa mkono wake mwenyewe tukiwa tunapita, nusura aanguke.

Tukarudi. Upepo ulikuwa mzuri, jua liko kushoto, na moyoni nilianza kuimba tenzi. Tulikuwa karibu nusu ya njia, mahali ambapo upande mmoja kuna ua wa minyaa na upande wa pili mashamba ya viazi yaliyovunwa, nilipomwona mtu amesimama katikati ya njia. Alikuwa mwanamke, amevaa kanga mpya, ana kapu kichwani.

Nilimtambua kwa jinsi alivyosimama. Nilipunguza mwendo mpaka pikipiki ikawa inatambaa.

"Mama mkwe," nilisema.

Selemani alianza kutetemeka kwa kicheko. "Kapu la matobolwa, viazi vyenu vile vya kukausha! Mfaume amemwagiza matobolwa, akamwambia amngoje hapo hapo saa kumi na nusu. Anajua ninyi mlivyo! Shuka, mpagazi, shuka!"

Ni kweli alijua. Kwetu Unyamwezi mwanamume hapishani na mama mkwe wake njiani. Akimwona anaacha njia, anaingia porini, anageuza uso mpaka mama apite. Kama yuko juu ya baiskeli anashuka, na hata akiwa na mzigo anaingia nao majanini. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa yangu sikuwahi kupita mbele ya mama yule. Sasa nikishuka, ningepoteza pikipiki na mtihani. Nikipita, ningevipata vyote viwili, na jioni hiyo hiyo Sikuzani angeniuliza nimempitaje mama yake. Mungu naye angeniuliza hilo hilo.

Zilikuwa zimebaki hatua thelathini. Ishirini na tano. Nilimwomba Mtakatifu Yosefu kwa jina lake tu, bila maneno mengine. Ndipo kichwa kikatulia, nikaiangalia mila yenyewe jinsi ilivyo. Inasema niache njia. Inasema nigeuze uso. Haisemi niache njia kwa miguu.

"Jishike, Selemani."

"Unafanya nini? Wewe! Alois!"

Niligeuza usukani kulia, tukatoka barabarani, tukaingia kwenye matuta ya viazi.

Tuta la kwanza lilituinua, la pili likatutupa. Nilisimama kwenye vikanyagio kwa mguu wangu wa kulia na kuukaza ule wa kushoto, na kwa mara ya kwanza tangu gogo liliponiangukia niliona faida ya goti lisilokunjika: lilinishikilia kama gadi inayotegemeza ukuta. Uso nimeugeuza pembeni, macho nimeyatupa kwenye mitaro ya matuta, sioni mbele vizuri. Injini ilinguruma. Kwenye tuta la tano mzigo wa nyuma ukapungua ghafla.

"Nimeanguka!" sauti ya Selemani ilitoka ardhini. "Endelea! Naona! Hujagusa! Wallahi hujagusa!"

Nilizunguka kwa duara kubwa, matuta kumi na moja, nikiomba na kuhesabu kwa pamoja. Baadaye Selemani aliniambia kwamba mama mkwe naye alikuwa amenigeuzia mgongo kama heshima inavyotaka. Lakini kapu lilikuwa limeshuka chini, na mama yule, uso wake ukielekea minyaa, alipiga vigelegele vilivyofika mpaka kwangu, kimoja, cha pili, cha tatu.

Nilirudi barabarani mbele zaidi, nikawa naendesha polepole kama mtu anayetembea. Selemani alikuja mbio, udongo mpaka kwenye kope, futi yake inaburuta, akaruka nyuma yangu akihema.

"Nimeshona suruali za watu miaka thelathini," alisema, "leo yangu imepasuka."

Barazani mzee Mfaume alitusikia kabla hajatuona. Alikuwa amesimama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kujiandaa kucheka. Nilipotokea sikusimama. Nilianza kuzunguka mbele ya nyumba yake.

"Mama mkwe umemfanyaje?" aliuliza kwa sauti.

"Nimempisha!"

"Kwa kushuka?"

"Kwa kupanda!"

"Jicho langu! Selemani! Sema kweli!"

"Kaingia kwenye matuta ya viazi," Selemani alijibu, tukiwa tunapita mbele yake kwa mara ya pili. "Mimi nimeanguka, yeye hakuanguka. Hakugusa, Mfaume. Nilikuwa chini kabisa, niliona vizuri kuliko mtu yeyote."

Watu waliangua kicheko mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Mfaume alikunja mikono. Nilizunguka mara ya tatu. Saa ya dukani ilionyesha saa kumi na moja kasoro dakika kumi.

"Tamka, mla nazi!" nilipiga kelele. "Nachelewa shule!"

Mzee Mfaume alishuka ngazi. Aliweka kiganja juu ya tangi, akatembea kando ya pikipiki hatua chache, kama mtu anayemsindikiza binti yake anapoolewa. Macho yake yalikuwa yamelowa, ingawa bado alikuwa anatabasamu.

"Niliiendesha miaka ishirini na mbili," alisema, kwa sauti ya kunitosha mimi tu. "Wazo hilo la matuta sikuwahi kulipata. Haya, ni yako." Kisha akawageukia watu: "Nimeshindwa! Mpagazi hakutua! Selemani, shuka, mwache mwanafunzi aende."

Selemani alishuka. Nilivuta gia ya pili, kisha ya tatu, na vigelegele vya Kanyenye vikanisindikiza mpaka kona.

Shuleni wenzangu walikuwa bado nje, wengine wanapiga mswaki wa mti, wengine wanabishana. Nilizima injini mlangoni na kumwomba mmoja anishikie usukani, ndipo nikashusha mguu. Mwalimu Zamda alitazama pikipiki, akanitazama mimi nilivyojaa vumbi, akasema tu, "Karibu ndani, mzee wangu," na akaandika kitu kwenye rejista yake.

Nilikaa dawati la mbele. Nilifumba macho kidogo, nikamshukuru Mungu kwa mambo matatu, na la tatu lilikuwa mzee Mfaume. Nilipoyafumbua swali la kwanza lilikuwa tayari ubaoni: ubao wa futi saba na nusu ukatwe vipande vya robo tatu ya futi, utapata vipande vingapi? Seremala gani asiyelijua hilo?

Nilinyoosha mkono. Mwalimu Zamda akaniita mimi.