Alama Alizomkata Bintiye

Wanafunzi walimwita mwalimu wao Rula, kwa sababu hakupindika. Mzazi aje na machozi, mwalimu mwenzake aje na maneno matamu, alama ilibaki palepale. Kwa hiyo mwalimu mkuu alipoleta programu ya kompyuta inayosahihisha insha, alijua wa kumpa kazi ya kuijaribu. Alimtaka achukue insha za zamani alizozisahihisha mwenyewe, aziingize kwenye programu, kisha walinganishe alama.

Rula aliomba kimoyomoyo ishindwe. Alikuwa amesahihisha insha tangu hana hata unywele mmoja wa mvi, na hakuona kompyuta itajuaje kwamba mtoto huyu ameandika kwa uchungu na yule ameandika ili amalize akacheze. Alitoa mafungu ya karatasi kabatini, akaanza kuzipiga picha moja moja, roho juu.

Haikushindwa. Pale alipotoa kumi na nne kati ya ishirini, nayo ilitoa kumi na nne. Wakipishana sana, ni kwa alama moja. Mwalimu mkuu alivuta kiti kando yake, akitabasamu kama bwana harusi.

"Mwalimu, hii mashine ni pacha wako," alisema. Kisha akakunja uso. "Ila huyu mmoja. Wewe kumi na moja, yenyewe kumi na nane. Na hii yake nyingine, vilevile. Zake zote, isipokuwa ya kwanza. Huyu ni nani?"

Rula hakuhitaji kutazama jina. Mwandiko ule aliufundisha mwenyewe, kwenye meza ya jikoni, akiushika mkono mdogo.

"Ni binti yangu."

Mwalimu mkuu alikohoa. "Basi tuseme mashine imekosea hapo. Yaishe."

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Miaka ile binti alipoingia darasani kwa mama yake, insha yake ya kwanza ilipata kumi na nane, na mwalimu mmoja akacheka mbele ya walimu wote: "Mwamba ngoma huvutia kwake." Ulikuwa utani tu, wenzake wakaendelea na chai yao. Lakini Rula, ambaye hakuogopa mzazi yeyote, aliogopa kicheko kile. Tangu siku hiyo kila insha ya binti aliikata. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, alijiambia, na kweli mtoto hakulia. Aliacha tu kusema kwamba atakuwa mwandishi. Sasa anapokea simu kwenye kampuni ya mabomba ya maji, na akija nyumbani hazungumzii vitabu.

"Haikukosea," Rula alisema. "Nilikosea mimi."

Alitoka, akasimama nyuma ya maktaba kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini, akampigia binti yake.

"Shikamoo, mama. Kuna nini? Si uko kazini?"

"Marahaba, mwanangu. Zile insha zako za shule... zilikuwa nzuri. Zilizidi za darasa zima. Nilikuwa nakukata alama makusudi, watu wasiseme nakupendelea. Nisamehe."

Simu ya mezani ililia upande wa binti, ikalia mpaka ikakata.

"Mama, mbona nilijua," binti alisema, bila hasira. "Nilikuwa nasoma za wenzangu. Nikajua shuleni huna la kufanya, macho ya watu."

"Ulijua? Sasa kwa nini uliacha kuandika?"

"Nilikuwa nangoja tufike nyumbani uniambie. Tunafika, unafunga mlango, unavua viatu, unaniuliza kama nimeosha vyombo. Nikangoja, nikangoja. Mwisho nikasema, basi labda kweli insha zangu ni mbaya."

Rula aliegemea ukuta. Machozi yalikuwa yameshafika kidevuni, na hakujali nani anapita.

"Nakuambia sasa, mwanangu."

"Nimesikia, mama. Asante kwa kupiga," binti alisema, kwa sauti ile ile ya adabu anayowajibia wateja, kisha akaomba radhi kwamba kuna mtu mwingine anamngoja kwenye simu.