Mkono wa Shoto

Fundi cherehani alikuwa na postikadi ishirini na moja, na zote zilikuwa na kitu kilekile: Mama wa Taa, sanamu la saruji, nakala ndogo ya lile kubwa la mji mkuu. Chama cha vijana kilikuwa kimesimamisha nakala hizo katika miji ishirini na miwili, na zote ishirini na moja ziliinua taa kwa mkono wa kulia. Watu walimcheka kwa kukusanya picha za kitu kimoja. Wacheke mpaka wachoke. Yeye alikuwa akiisubiri kadi ya mji wao, kwa sababu mkono wa sanamu la huko ulikuwa wa dada yake, Shoto.

Wa dada yake hasa. Vijana walihitaji mkono wa kutengenezea kalibu ya kumiminia saruji, wakampaka plasta Shoto, binti aliyechapwa shule nzima kwa kuandikia mkono wa kushoto. Wakamwambia inua mkono, naye akainua ule anaoutumia. Kiongozi wao anakuja kushtuka, saruji imeshakauka. Sasa Shoto amekufa, sanamu limebomolewa kupisha barabara, na kilichobaki ni picha moja ya zamani kwa mpiga picha, ambaye hatimaye ameichapisha kuwa postikadi.

Fundi akaitazama kadi. Mkono wa kulia!

Damu ilimchemka. Aliliacha gauni la mteja kwenye cherehani, sindano imezama kitambaani, akavuka barabara hadi studio.

"Picha hii mmeigeuza!"

"Tumeirekebisha, mama," mpiga picha akasema huku akitabasamu. "Ilikuwa na kosa. Hata maandishi ya chini tumeyafuta, si yangesomeka kinyumenyume?"

"Negativu iko wapi?"

"Tulishaitupa. Lakini mama, si mkono tu? Nani atajua?"

Mkono tu! Alimkamata ukosi, mtu mzima na heshima zake, akamburuta hadi kwenye kioo ambacho wateja hujitazamia wakichana nywele. Akaiinua kadi. Mle kiooni Mama wa Taa aliinua mkono wa kushoto, na kidole cha mwisho kimepinda vilevile kama cha Shoto.

"Umemwona?"

"Nimemwona, mama."

"Walimu walimchapa miaka saba abadilishe mkono, akakataa katakata. Wewe umembadilisha akiwa kaburini, hata fimbo hukuhitaji."

Akakiangua kioo msumarini, akaondoka nacho kwapani, kadi mkononi.