Mzinga wa Nne Unaripoti

Zdravka Kos alikuwa akimenya viazi kipokezi kiliponyamaza tena. Kilikuwa kisanduku kidogo juu ya friji, kazi yake kupokea na kutangaza uzito na joto la mizinga ya nyuki iliyokuwa nyuma ya zizi. Si mbali, lakini mvua ikinyesha hakikupata hata salamu. Mizinga aliachiwa na mumewe, Ciril. Siku Ciril alipofariki, Zdravka alibisha mzinga mmoja mmoja kuwapa nyuki habari, kama desturi ya wafuga nyuki inavyotaka. Waliipokea kwa utulivu zaidi kuliko ndugu wa mjini Maribor.

Binti yake Neža, anayefanya kazi kwenye kiwanda cha vifaa vya mawimbi ya redio, alikuja Jumamosi na bisibisi.

"Si ninunue kingine chenye nguvu?"

"Mama, hiki si kiziwi. Kina kelele zake chenyewe, kitamsikiaje mwingine? Kama mjomba Stane."

Alitupa chaja ya bei rahisi iliyokuwa ikivuma, akasogeza kikuza mawimbi hadi kwenye antena dirishani, ili mawimbi yakuzwe kabla hayajachakaa njiani. Kisha, ili kelele za friji zisikifikie, akakiondoa kisanduku hapo juu na kukifunika kwa bati la shaba analookea Zdravka potica, mkate mtamu wa njugu wa Pasaka.

"Na potica?"

"Uchague, mama."

Zdravka alichagua nyuki, lakini alinuna mpaka saa ya chakula.

Jumapili asubuhi kipokezi kilisoma uzito na joto, kisha kikaendelea. "Mzinga wa nne," kilisema, kwa sauti ya wanawake wengi waliozoeana. "Malkia hakulala vizuri. Tumehamia kwenye mitufaha. Jirani Lojze anapuliza dawa huko, saa nne hii, maua yakiwa wazi. Wenzetu waliotangulia hawajarudi."

Zdravka aliendelea kukoroga supu. Neža aligeuza antena kidogo, sauti ikatulia.

"Umepitiliza," mama yake alisema.

"Nimepunguza kelele tu."

Lojze Brinovec ndiye mwenye shamba la matufaha la mlimani na kamanda wa zimamoto wa kujitolea, mtu mwema sana nyumba ikiwaka. Sheria inasema dawa ipulizwe jioni, nyuki wakisharudi. Zdravka alimfuata uani.

"Lojze, nyuki wanasema unapuliza mchana."

"Wamesema saa ngapi?"

"Saa nne."

"Hawajakosea. Sasa jirani, jioni mimi nina mazoezi ya zimamoto. Kijiji kikiungua, utaniletea asali nizimie moto?"

"Mazoezi gani hayo, na gari la zimamoto halitoki baani?"

"Ndiyo hayo hayo."

Akampa kikapu cha matufaha ya mwaka jana. Yalikuwa mazuri, Zdravka akayapokea, na hilo lilimuudhi zaidi.

Alipeleka malalamiko kwenye mkutano wa kijiji, unaofanyika katika ukumbi wa zimamoto kwa kuwa hakuna mwingine. Aliweka kipokezi na bati lake mezani, Neža akaelekeza antena dirishani, na nyuki wakatoa ushahidi. Mtu wa nyuma aliomba waongeze sauti. Walipomaliza, wa kwanza kusimama alikuwa Lojze.

"Wamesema kweli tupu," alisema. "Tangu nizaliwe sijamsikia nyuki akisema uongo."

Akapendekeza wote wasimame kimya kwa ajili ya marehemu, maana huku nyuki hafi kama nzi, hufariki. Watu walisimama, wengine wakafuta machozi. Halafu wakaingia ajenda ya pili, shimo la barabarani.

Nyuki wa mwisho walifariki mitufaha ya juu ikiwa bado na maua. Zimamoto walikuja mazishini na sare zao za sherehe na tarumbeta, na Lojze alihutubia vizuri sana. Zdravka alilia kwa uchungu na kwa hasira, asijue kipi kilianza.

Kesho yake kipokezi kilisema: "Mzinga wa nne. Uzito, hakuna. Joto, la nje. Jirani Lojze anapuliza mchana."

Neža alikikagua, hakuona hitilafu. "Kinanasa mpaka huko walikokwenda," alisema.

Zdravka aliona aibu: hakuna aliyewapa nyuki habari za kifo chao. Alikwenda akabisha mzinga mmoja mmoja, akawaambia kwamba wamefariki, akarudi jikoni.

"Tumesikia, mama," kipokezi kilisema. "Lojze anajua?"

"Ndiye aliyehutubia."

"Ameacha?"

Zdravka alichungulia dirishani. Ukungu mweupe wa dawa ulikuwa ukishuka mlimani.

"Bado."

"Basi usituzime."

Hakuwazima. Pasaka iliyofuata, bati likiwa bado juu ya kipokezi, alinunua potica ya dukani, kavu kama ubao. Lojze alikuja kusalimia, akala vipande vitatu na kuisifu, huku nyuki wakimtaja kwa jina, mchana baada ya mchana aliopuliza.