Simu Iliposema Picha

Mwandiko, kama walimu wenzake walivyozoea kumwita, alikubali kufungwa kitambaa machoni huku akicheka. Mafunzo yalikuwa ya kufundisha kwa simu na kompyuta bila kumwacha nyuma mwanafunzi yeyote, naye alijiona hana jipya la kujifunza. Kila jioni aliandika somo ubaoni kwa mwandiko wake wa kujivunia, akaupiga picha, akautuma kwenye kundi la darasa.

"Haya, mwalimu, fungua somo lako la jana," mkufunzi akamwambia. "Simu itakusomea kwa sauti, kama inavyomsomea asiyeona."

Akapapasa kioo. Simu ikasema, "Picha." Akagusa tena. "Picha."

Akasema hiyo simu ni mbovu, wenzake wakaangua kicheko. Mkufunzi hakucheka. Alimweleza kwamba simu ile husoma maandishi yaliyochapwa. Mwandiko wa mkono uliopigwa picha haiusomi hata uwe mzuri vipi.

Mwandiko alikivuta kitambaa. Darasani kwake alikuwamo mmoja asiyeona, binti wa dada yake. Mwaka mzima alikuwa akimwita mvivu, na juzi tu alimshawishi dada yake amtoe shuleni, akae nyumbani. Asubuhi hiyo ndiyo waliyoafikiana kumwondoa.

Alitoka ukumbini bila kuaga, akapiga simu.

"Kaka, tuko kwa mwalimu mkuu," dada yake akasema. "Ndiyo kwanza nataka kutia sahihi."

"Usitie. Nipe mtoto."

Alimuuliza mpwa wake, yale masomo ya jioni, simu yake ilikuwa ikimsomea nini.

"Picha," binti akajibu. "Nilikwambia, mjomba, tangu muhula wa kwanza. Ukasema natafuta visingizio."

Alikumbuka. Alikumbuka hata darasa lilivyomcheka mtoto. Akaketi kwenye ngazi. Alitaka kuomba radhi, akashindwa. Aliloweza ni kumwambia arudi darasani, na mama yake aende zake nyumbani. Kwa mwalimu mkuu atakuja kujieleza yeye mjomba mwenyewe.

Binti hakukata simu.

"Mjomba," akauliza, "kwani hayo masomo yalikuwa yanahusu nini?"

Mwandiko akafumba macho, akaanza kumweleza lile la kwanza, palepale ngazini.